Chai Iliyomwagwa Boston: Asili ya Watu wa Tea Party wa Marekani

Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, na ninyi mnaosikiliza nyumbani baada ya kazi, tayarisheni madaftari yenu. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi baada ya kipindi kwisha, soma polepole. Ukifika penye tarehe, simama kidogo upate kuishika.

Leo twasafiri mbali, mpaka Marekani. Katika mwaka wa 2009 na mwaka wa 2010 watu wengi wa nchi hiyo walijaa viwanjani na barabarani kuipinga serikali yao. Wengine walivaa kofia za pembe tatu na makoti marefu, mavazi ya wazee wao wa karne ya 18. Wengine walining'iniza vifuko vya chai katika kofia zao. Walijiita Tea Party. Swali letu la leo ni hili: watu hawa walitoka wapi? Wao wenyewe walisema kwamba asili yao ni mwaka wa 1773. Je, ni kweli? Tukilijibu swali hili vizuri, hatutapata habari za Marekani tu. Tutajifunza pia namna ya kumwuliza mtu ye yote anayesimama mbele za watu akasema, "Mimi ndimi mrithi wa wazee wenu, nifuateni."

MAANA YA MANENO MAWILI

Kwanza tulielewe jina lenyewe. Neno la pili katika jina hilo lina maana mbili kwa Kiingereza. Maana moja ni karamu. Maana ya pili ni chama cha siasa. Basi Tea Party huweza kuwa "karamu ya chai", na huweza kuwa "chama cha chai". Watu wale waliupenda mchezo huo wa maneno. Lakini kwa kweli hawakuwa chama kamili. Hawakuwa na kadi moja, wala mwenyekiti mmoja, wala ofisi kuu moja. Walikuwa mamia ya vikundi vidogo, kila kimoja na viongozi wake, na wengi wao walikipigia kura chama cha Republican.

Neno la pili ni mhafidhina. Neno hili ni ndugu wa neno kuhifadhi. Mhafidhina ni mtu anayetaka mambo ya zamani yahifadhiwe, na mabadiliko yaje polepole au yasije kabisa. Huko Marekani wahafidhina wengi husema hasa mambo matatu: serikali kuu iwe ndogo, kodi ziwe haba, na kila jimbo lijiamulie mambo yake. Watu wa Tea Party walikuwa wahafidhina wa namna hiyo.

MAMBO YALIYOTOKEA BOSTON

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka wa 1773. Wakati huo Marekani haikuwa bado nchi huru. Palikuwa na makoloni 13 chini ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, na Boston ulikuwa mji wa bandari katika koloni la Massachusetts. Sheria kubwa zilitungwa na bunge lililokutana London. Katika bunge hilo watu wa makoloni hawakuwa na mjumbe hata mmoja waliyemchagua.

Mwaka wa 1767 bunge hilo liliweka ushuru juu ya vitu kadha vilivyoingia katika makoloni. Watu walipinga, wakaacha kununua bidhaa za Uingereza, na mwaka wa 1770 ushuru mwingi ukafutwa. Ulibaki ushuru wa chai, peni 3 kwa kila ratili. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Lakini watu wa makoloni walisema hivi: asiye na mjumbe wake bungeni hawezi kutozwa kodi na bunge hilo kwa haki. Andikeni jambo hilo katika madaftari yenu, maana tutalirudia.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi hawaijui. Wengi hudhani kwamba watu wa Boston walikasirika kwa sababu chai ilipandishwa bei. Sivyo. Kampuni ya Kiingereza ya East India ilikuwa katika shida kubwa ya fedha, na chai nyingi ilikuwa imelala katika maghala yake pasipo mnunuzi. Mwaka wa 1773 serikali ya Uingereza iliamua kuiokoa. Iliikopesha pauni 1,400,000, ikaipa na ruhusa ya kupeleka chai yake moja kwa moja Marekani bila kulipa baadhi ya ushuru wa Uingereza. Kwa hiyo chai hiyo ingekuwa rahisi kuliko zamani, hata pamoja na zile peni 3.

Kwa nini basi watu waikatae chai rahisi? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuinunua kungekuwa kuukubali ushuru. Ya pili, kampuni ilichagua mawakala wake yenyewe wa kuuza chai hiyo. Wafanya biashara wengine wa Boston, pamoja na wale walioingiza chai ya magendo, waliona kwamba biashara yao itakufa. Walisema: leo kampuni hii imependelewa katika chai, kesho itapendelewa katika nini?

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, baada ya mkutano mkubwa, wanaume wengi waliteremka bandarini. Baadhi yao walikuwa wamejigeuza sura na mavazi wafanane na Wahindi Wekundu wa kabila la Mohawk, ili wasitambulikane. Waliingia katika meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakavunja makasha 342 na kuimwaga chai yote baharini. Chai hiyo ilipata uzito wa zaidi ya ratili 90,000.

Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza iliifunga bandari ya Boston mpaka chai ilipwe. Makoloni mengine yaliona kwamba linalowapata watu wa Boston leo litawapata wao kesho, wakaungana nao. Vita vilianza Aprili 1775, na tarehe 4 Julai 1776 makoloni yalitangaza uhuru. Lile jina la "karamu ya chai ya Boston" halikuwako wakati huo. Lilikuja kutumika baadaye sana, katika karne ya 19.

KODI BAADA YA UHURU

Je, watu waliomwaga chai walikuwa wakipinga kodi zote? Tuangalie walivyofanya wenyewe walipopata madaraka.

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka wa 1787, nayo ililipa bunge jipya uwezo wa kutoza kodi. Mwaka wa 1791 bunge hilo likatoza kodi juu ya pombe kali. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, waliokuwa wakipika pombe kwa nafaka zao, walikataa kulipa. Mwaka wa 1794 wakafanya maasi. Rais George Washington, yeye yule aliyeongoza vita vya uhuru, alikusanya askari wapatao 13,000 ili kuwatuliza. Maana yake, kwake yeye kodi ya mfalme wa mbali ilikuwa jambo moja, na kodi iliyopitishwa na wajumbe wa watu wenyewe ilikuwa jambo jingine.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1791 katiba iliongezewa kifungu cha kumi. Kifungu hicho chasema kwamba madaraka ambayo katiba haikuyatoa kwa serikali kuu, wala haikuyakataza kwa majimbo, ni ya majimbo au ya watu. Basi mwaona, katika urithi wa wazee hao kuna maneno ya kumsaidia anayetaka serikali yenye nguvu, na kuna maneno ya kumsaidia anayetaka serikali ndogo. Wamarekani wameyagombania maneno hayo tangu siku hizo.

MIZIZI YA KARIBU ZAIDI

Mti una mzizi mkuu, na una mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi, nayo hunyonya maji mengi. Jina la Tea Party limetoka mwaka wa 1773. Lakini mawazo yake, fedha zake na viongozi wake vimetoka karibu zaidi. Tuitazame mizizi hiyo.

Mwaka wa 1913 katiba ilibadilishwa ili serikali kuu iweze kutoza kodi juu ya mapato ya kila mtu. Mwaka wa 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Benki zilifungwa, viwanda vikasimama, na kufika mwaka wa 1933 kama mfanya kazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt, aliyeanza kazi mwaka huo, alitumia fedha za serikali kuwapa watu kazi. Mwaka wa 1935 alitia sahihi sheria iliyoleta malipo ya uzeeni, nayo malipo hayo huitwa Social Security.

Maskini wengi walishukuru. Matajiri wengi walikasirika. Mwaka wa 1934 baadhi ya matajiri, wakiwamo watu wa jamaa ya du Pont wenye viwanda vikubwa, walianzisha chama cha American Liberty League. Walisema kwamba Bwana Roosevelt anaivunja katiba ya wazee. Lakini katika uchaguzi wa mwaka wa 1936 Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Chama kile kilififia, nacho kikavunjwa mwaka wa 1940. Matajiri walikuwa na fedha na hoja. Watu wa kuwafuata hawakupatikana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wahafidhina walijifunza kujenga polepole. Mwaka wa 1955 kijana mmoja, William Buckley, alianzisha gazeti lililoitwa National Review ili kueneza mawazo yao. Mwaka wa 1958 Robert Welch, mtu aliyetajirika kwa biashara ya peremende, alianzisha John Birch Society, chama cha kupinga ukomunisti. Bwana Welch alikwenda mbali mno. Alifikia kumshuku hata Rais Eisenhower, mkuu wa majeshi ya vita, kwamba anawatumikia wakomunisti. Mwaka wa 1962 Bwana Buckley alimpinga katika gazeti lake, kwa kuogopa kwamba maneno kama hayo yatawaaibisha wahafidhina wote. Mmoja wa waliokuwapo katika kuanzishwa kwa chama cha Welch alikuwa tajiri Fred Koch. Likumbukeni jina la Koch, tutalikuta tena.

Ndipo ulipofika mwaka wa 1964. Chama cha Republican kilimchagua Barry Goldwater, mjumbe wa Seneti kutoka Arizona, agombee urais. Bwana Goldwater alitaka serikali kuu ipunguzwe sana. Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria kubwa ya haki za raia, iliyokataza watu weusi kubaguliwa katika hoteli, mikahawa na kazi. Bwana Goldwater aliipigia kura ya kuikataa. Alisema kwamba yeye hapendi ubaguzi, bali baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vinaipa serikali kuu madaraka ambayo katiba haikuipa. Zamani alikuwa ameziunga mkono sheria mbili za haki za raia, ya mwaka wa 1957 na ya mwaka wa 1960. Lakini wapiga kura weupe wa Kusini waliisikia kura ile kwa masikio yao wenyewe. Bwana Goldwater alishindwa vibaya na Rais Lyndon Johnson. Alipata majimbo 6 tu: lake la Arizona, na mengine 5 ya Kusini, ambako watu weusi wengi walikuwa wakizuiwa kupiga kura.

Hapa ndugu wasikilizaji, hapana budi tuseme kweli. Maneno "haki za majimbo" yana historia yenye uchungu. Kabla ya mwaka wa 1861 yalitumika kuutetea utumwa, na baadaye yakatumika kuutetea ubaguzi. Si kila mtu anayeyatamka ana nia hiyo. Lakini Mmarekani mweusi anapoyasikia hukumbuka mambo ambayo jirani yake mweupe huenda asiyakumbuke.

Katika uchaguzi ule mcheza sinema mmoja alimsaidia Bwana Goldwater kwa hotuba iliyoonyeshwa katika televisheni tarehe 27 Oktoba 1964. Jina lake Ronald Reagan. Mgombea alishindwa, lakini msemaji alipata jina. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa California.

Huko California, mwaka wa 1978, jambo jingine lilitokea. Bei za nyumba zilipanda upesi, na kodi za nyumba zikapanda pamoja nazo. Wazee wengi waliogopa kwamba watazipoteza nyumba walizokwisha kuzilipia. Bwana Howard Jarvis aliongoza kazi ya kukusanya sahihi, na tarehe 6 Juni wananchi wakapiga kura ya kuweka mpaka: kodi hiyo isizidi sehemu moja katika mia ya thamani ya nyumba. Shauri hilo lilishinda kwa kura nyingi. Tofauti yake na mwaka wa 1934 ni kubwa. Safari hii waliolalamika juu ya kodi walikuwa watu wa kawaida wenye nyumba ndogo, na viongozi wa siasa wakaona kwamba kupinga kodi kwaweza kushinda uchaguzi.

Mwaka wa 1980 Bwana Reagan alishinda urais. Alipunguza kodi kweli. Sehemu kubwa kabisa aliyotozwa tajiri juu ya mapato yake ya juu ilikuwa 70 katika mia; mwaka wa 1988 ilikuwa imeshuka mpaka 28. Lakini matumizi ya serikali hayakupungua kwa kadiri hiyo, hasa kwa sababu ya fedha za majeshi. Katika miaka yake 8 deni la taifa liliongezeka karibu mara tatu. Wekeni alama hapo pia.

MWAKA WA 2008 NA BAADAYE

Sasa tumefika karibu na siku zetu. Mwaka wa 2008 benki kubwa za Marekani ziliingia hatarini, kwa sababu zilikuwa zimekopesha watu fedha za nyumba ambazo wengi hawakuweza kuzirudisha. Mwezi wa Oktoba, wakati wa Rais George W. Bush, bunge liliruhusu mpaka dola bilioni 700 kuziokoa benki. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Mwenye duka dogo alipofilisika hakuna aliyemwokoa. Mwenye benki kubwa aliokolewa. Watu wengi waliona uchungu, wa chama hiki na wa chama kile.

Barack Obama alianza kazi ya urais tarehe 20 Januari 2009. Tarehe 17 Februari alitia sahihi sheria ya kutumia dola bilioni 787 kuuinua uchumi. Siku moja kabla, mkutano mdogo wa kupinga ulifanyika katika mji wa Seattle. Tarehe 19 Februari mwandishi wa habari za fedha, Rick Santelli, alisimama katika soko la fedha la Chicago akasema katika televisheni kwa hasira kubwa. Alipinga shauri la serikali la kuwasaidia watu walioshindwa kulipa deni la nyumba. Aliuliza kwa nini mwenye kulipa deni lake amlipie jirani yake, akasema kwamba inafaa kufanywa Tea Party ya Chicago. Neno hilo lilienea nchi nzima. Tarehe 15 Aprili, siku ambayo Wamarekani hupeleka hesabu za kodi zao, mikutano ilifanyika katika mamia ya miji.

Jina lenyewe halikuwa geni kabisa. Tarehe 16 Desemba 2007, siku ya kukumbuka chai ya Boston, wafuasi wa mgombea Ron Paul walikuwa wamemkusanyia kama dola milioni 6 kwa siku moja. Na fedha za matajiri hazikukosekana. Chama cha Americans for Prosperity, kilichoanzishwa mwaka wa 2004 kwa msaada wa Charles Koch na David Koch, kilisaidia kupanga mikutano. Hao ni wana wa yule Fred Koch tuliyemtaja. Televisheni ya Fox News nayo iliitangaza mikutano hiyo kwa nguvu.

Basi, je, harakati hizo zilikuwa za wananchi au za matajiri? Zilikuwa za wote wawili. Tajiri aweza kulipia basi la kuwapeleka watu mkutanoni, lakini hawezi kuwalazimisha kupanda.

Mwaka wa 2010 magazeti yaliuliza wafuasi hao ni watu gani. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa weupe, wenye umri wa zaidi ya miaka 45, na wenye hali nzuri kidogo kuliko watu wengine. Na jambo la kushangaza ni hili: wengi wao walisema kwamba malipo ya uzeeni na bima ya serikali ya matibabu ya wazee ni vitu vyenye faida vinavyostahili gharama yake. Hawakupinga kila msaada wa serikali, basi. Walipinga hasa msaada kwa watu ambao, kwa maoni yao, hawakuutolea jasho.

Hapa tunaigusa nchi jirani. Baba yake Rais Obama alikuwa Mkenya. Baadhi ya Wamarekani, na miongoni mwao wafuasi kadha wa Tea Party, walieneza uvumi kwamba Rais mwenyewe alizaliwa Kenya, na kwa hiyo hakustahili kuwa Rais. Uvumi huo ulikuwa uwongo. Obama alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na mwaka wa 2011 cheti chake kamili cha kuzaliwa kilionyeshwa kwa watu wote. Mwezi wa Julai 2010 chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliwataka viongozi wa Tea Party wawakatae wabaguzi waliokuwa kati yao. Viongozi wengi walijibu kwamba wanasingiziwa, na kwamba neno lao ni kodi na deni tu. Kila msikilizaji apime mwenyewe: si wote walikuwa wabaguzi, lakini uvumi wa Kenya haukuwa habari ya kodi.

Tarehe 2 Novemba 2010 chama cha Republican kiliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Wajumbe wapya walikuwa wameahidi kutokukubali kodi mpya. Oktoba 2013, kwa kutaka sheria ya Obama ya bima ya matibabu izuiwe, walikataa kupitisha fedha za serikali, na ofisi nyingi zikafungwa siku 16. Sheria ile haikufutwa. Mwaka wa 2014 mmoja wa wakubwa wa chama chao wenyewe, Eric Cantor, aliangushwa na mgombea asiyejulikana, aliyesema kwamba Cantor ni mlegevu.

Baadaye mikutano ilikwisha. Mwaka wa 2016 Donald Trump alishinda urais, na wengi waliokuwa Tea Party walimpigia kura, ingawa aliahidi kutogusa malipo ya uzeeni. Mwaka wa 2017 kodi zilipunguzwa tena, na deni likaendelea kukua. Habari ni ile ile ya miaka ya Reagan. Kupunguza kodi hupendwa na watu. Kupunguza matumizi hupendwa mpaka yaguswe matumizi yanayokufaa wewe.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, watu wa mwaka wa 2009 walikuwa warithi wa watu wa mwaka wa 1773?

Katika jambo moja walifanana nao. Watu wa Boston waliona serikali ikiiokoa kampuni kubwa iliyoharibikiwa, huku mfanya biashara mdogo akiumia. Watu wa mwaka wa 2009 waliona benki zikiokolewa. Hasira hiyo ni ndugu wa hasira ile.

Lakini katika jambo lililo kubwa zaidi hawakufanana. Watu wa Boston hawakuwa na kura katika bunge la London. Watu wa mwaka wa 2009 walikuwa na kura, na wajumbe, na mahakama, na magazeti. Walikuwa wameshindwa katika uchaguzi mmoja, na miaka miwili baadaye wakashinda mwingine. Kushindwa katika kura si sawa na kukosa kura. Anayekosa kura ameonewa. Aliyeshindwa hana budi kujipanga upya, na Tea Party walijipanga kweli kweli. Hiyo ni haki ya kila raia.

Ndugu wasikilizaji, katika kila nchi wako watu watakaovaa kofia ya wazee. Mtu akikuambia, "Wazee wetu walipigania jambo hili," usimkatalie upesi wala usimkubali upesi. Mwulize: Lini? Dhidi ya nani? Walitaka nini hasa? Nao walipopata madaraka walifanya nini? Ninyi mnaojifunza kusoma sasa mnaweza kutafuta majibu hayo wenyewe, bila kungoja kuambiwa.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Ushuru: kodi inayotozwa juu ya bidhaa.
Mjumbe: mtu aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wengine.
Mhafidhina: anayetaka mambo ya zamani yahifadhiwe.
Uvumi: habari inayoenezwa bila ushahidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Chai ya mwaka wa 1773 ilikuwa rahisi. Kwa nini watu wa Boston waliikataa?
2. Kodi ya chai na kodi ya pombe ya mwaka wa 1791 zilitofautianaje?
3. Kwa nini chama cha matajiri cha mwaka wa 1934 hakikupata wafuasi, lakini shauri la California la mwaka wa 1978 lilipata?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kushindwa katika kura si sawa na kukosa kura. Toa mfano kutoka chama cho chote unachokijua, hata chama cha ushirika.

Yajibuni maswali mawili ya kwanza kwa maandishi, na mawili ya mwisho kwa mazungumzo. Mwalimu asikilize wote, na asiyekubaliana na mwenzake aseme sababu yake. Mpaka somo lijalo, kwa herini.